Mpangaji Mwenye Furaha Aenda Koboko

Sikwenda Koboko kwa kupenda. Nilikwenda kwa sababu ya chumba changu cha kulala, ambacho kwa miezi kadhaa kilikuwa kimegeuka njia ya watu wote.

Ninaishi Oli, hapa mjini Arua, katika nyumba ambayo mtaa mzima unaiita nyumba ya cherehani. Cherehani yangu iko barazani, na sare za shule za watoto wa jirani zote zimepita hapo. Mwenye nyumba anakaa Juba. Siku moja huko Juba akaota kwamba nyumba yake ni ya kodi kubwa kuliko ninayolipa, akampa kazi broka. Broka kwetu ni dalali wa nyumba, na wangu anaitwa Drani: kijana mrefu, viatu vimechongoka mbele, mazoea ya kufungua mlango wa mtu kama anafungua sanduku lake mwenyewe. Alikuwa analeta wateja bila hodi. Mara ananikuta nakula, mara niko juu ya mswala, mara natoka kuoga na khanga moja. Anapita na watu wake akisema, "Hapa sitingirumu, hapa jikoni," halafu ananielekezea kidole: "Huyu mama hapana shida, anatoka."

Mimi sikuwa natoka. Ningetoka kwenda wapi? Fundi akihama, wateja wake hawahami naye. Wanakwenda kwa fundi aliye karibu. Bila baraza ile, cherehani yangu ni chuma tu, na binti yangu Zaituni anasoma kwa chuma hicho.

Jumatatu moja Drani akaja peke yake, kofia mkononi. Nikajua ana shida.

"Mama Zaituni," akasema, "huko Kampala iko mswada. Unasema broka waandikishe. Unasema pesa ya kuona nyumba, hapana. Unasema kama mutu iko ndani ya nyumba, broka hapana ingia mpaka huyo mutu akubali. Sasa sisi tutakula nini?"

Nikamwambia hata mimi nasikitika sana. Hakusikia kejeli. Akaeleza kwamba mbunge mmoja wa kamati inayoshughulikia nyumba angekuwa Koboko Alhamisi, na chama cha mabroka kingekwenda kumwona kabla mswada haujarudi bungeni. Walikuwa na mwenyekiti, walikuwa na risala, walikuwa na tai. Kitu kimoja tu kilikosekana: mpangaji mwenye furaha.

"Wewe nasema tu broka ni mutu muzuri," akasema Drani. "Na mimi natoa hii nyumba sokoni. Naambia bwana wa Juba hapana mteja. Wewe nakaa."

Nilimtazama machoni, nikaona anasema kweli, au angalau anaamini anasema kweli. Nikakubali. Kwa nyumba ile ningesifu hata mbu.

Alhamisi, saa moja asubuhi, tulikutana kwenye ofisi ya chama, yaani benchi chini ya mwavuli wa kampuni ya simu. Mwenyekiti, Haji Khamis, mzee mnene wa sauti nzito, alikuwa amevaa koti la suti juu ya kanzu. Alinikabidhi fulana ya kijani iliyoandikwa kifuani: BROKA NI RAFIKI YA MPANGAJI. Mshono wa bega ulikuwa umepinda na uzi ulishaanza kufumuka. Nikaivaa juu ya gauni langu. Tulipanda Noah ya kukodi, nami nikawekwa katikati kama mali inayopelekwa maonyesho.

Kutoka Arua mpaka Manibe nilihudhuria shule bila ada. Haji Khamis alikuwa anamfundisha Drani kazi, maana Drani alikuwa bado mbichi, hana hata miaka miwili kwenye benchi.

"Nyumba karibu na disko unaonyesha saa gani?" akauliza Haji.

"Asubuhi, Haji."

"Nyumba ya bondeni?"

"Kiangazi tu."

"Nyumba iko na popo juu ya dari?"

"Saa saba mchana. Popo iko nalala."

"Na kama mteja anauliza harufu?"

"Nasema ni rangi mpya."

Nikageukia dirisha. Dari yangu mimi ina popo. Mwaka baada ya mwaka nimempigia simu bwana wa Juba kuhusu popo wale, naye hunijibu kwamba ni viumbe wa Mungu. Sasa nikaelewa kwa nini Drani huleta wateja saa saba, saa ambayo Muislamu anataka kuswali dhuhuri.

Maracha tulisimama. Hapakuwa na sababu ya kusimama isipokuwa ghorofa moja ambalo halijapigwa lipu na mzee aliyesimama mbele yake akichokonoa meno. Haji alishuka, Drani akashuka, na mabroka wengine wawili wakashuka upande wa pili wamzunguke mzee wa watu. Walimwuliza kama ghorofa ni lake. Akasema yeye ni mlinzi. Wakaomba namba ya mwenye nyumba. Akasema mwenye nyumba hapangishi, anajenga hospitali. Wakamshawishi kwamba hospitali haina faida. Tulipoondoka, wagombanaji walikuwa wanne, kila mmoja akidai ndiye aliyeliona ghorofa kwanza, na waliendelea hivyo mpaka upande wa Ludara, ambako muhogo ulikuwa umeanikwa ukingoni mwa lami na Haji akanyamaza kidogo ili aulize ekari moja pale inakwenda kwa bei gani. Hawa ndio waliokuwa wanakwenda kumwambia mbunge kwamba wana nidhamu.

Koboko tulifika jua limeshakuwa kali. Mji ule hautulii: boda zinapishana, Wakongo wanashusha vitenge, watu wa Sudan Kusini wananunua sabuni kwa katoni. Mheshimiwa alikuwa hajafika. Nikaomba ruhusa, nikaenda kumsalimia mama mdogo wangu, Sadia, anayekaa nyuma ya soko. Baba yao, yeye na mama yangu, alikuwa mwanajeshi, na mama mdogo mpaka leo hupanga viatu mlangoni kama vya paredi.

Aliniwekea firinda, maharagwe ya kumenywa, na ugali wa muhogo, akaisoma fulana yangu polepole.

"Nani alikuvalisha hii takataka?"

Nikamweleza yote: Drani, wateja, kidole, ahadi. Alisikiliza huku akipangusa mikono.

"Sisi tulikaa barrack," akasema. "Nyumba hapana yetu. Wanasema toka, unatoka, unaacha hata sufuria moto. Lakini Rehema, hata sajini alikuwa napiga hodi. Sajini na bunduki! Huyo mutoto wa viatu ya kuchongoka ni nani?"

"Lakini nikisema vizuri, mama mdogo, nabaki na nyumba."

"Basi sema vizuri," akasema, akaniongezea firinda. "Kula. Uongo unataka nguvu."

Alasiri, katika ukumbi wa hoteli, Mheshimiwa aliingia akiwa na simu tatu na msaidizi wa kuzibeba. Alikuwa mtu wa tabasamu laini, wa kumwita kila mtu ndugu. Haji Khamis akasoma risala. Alisema broka ni daktari wa nyumba. Alisema bila broka wageni wangelala chini ya miti. Alipofika kwenye pesa ya kuona, sauti ikamtetemeka.

"Mheshimiwa, hii pesa ni ya viatu. Broka natembea! Kiatu inakwisha! Bunge inataka broka atembee bila kiatu?"

Walipiga makofi, na baadhi walitazama viatu vyao kwa huruma. Haji akaapa kwamba hakuna broka wa chama chake anayeingia nyumbani kwa mtu bila hodi, akasema shahidi yupo, amekuja kwa hiari yake. Nikaketi wima. Kichwani nilikuwa nimeshapanga maneno yangu: broka ni mtu mzuri, ananisaidia, asante Mheshimiwa. Hayakuzidi hapo. Nilikuwa tayari kuyasema na kurudi kwenye baraza yangu.

Mheshimiwa akatabasamu. "Ndugu zangu, nawaelewa. Hata mimi ni mhanga. Nikija Arua sina pa kulala. Mke wangu anatafuta nyumba pale, tumeshindwa."

Hata angesema nyoka ameingia ukumbini, wasingeinuka kwa kasi ile. Viti vilianguka. Risala ikaanguka. Kila broka alikuwa na simu hewani yenye picha ya sebule. Lakini Drani alikuwa na miguu mirefu.

"Mheshimiwa, iko moja Oli!" akapaza sauti. "Selfu, choo ndani. Baraza kubwa, mama anaweza fungua duka. Dakika mbili kutoka lami. Mutu iko ndani, lakini anatoka mwisho wa mwezi."

"Ana matatizo?" akauliza Mheshimiwa.

"Hapana! Mama mutaratibu sana. Amepata kwingine."

Nilikuwa nimeketi hatua moja nyuma yake. Angegeuka tu angenipiga kiwiko. Nataka niseme ukweli: sikukasirika kwanza. Nilijisikia baridi, kama mtu anayesikia tangazo la kifo na jina ni lake. Wala Drani hakuwa ananisaliti; hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alikuwa amenisahau. Kichwani mwake nyumba ilikuwa kwenye rafu moja na mimi kwenye rafu nyingine.

Haji Khamis, ambaye hakujua nyumba gani ni ya nani, akainua mkono. "Sasa tusikie mpangaji mwenye furaha."

Nikasimama.

"Mheshimiwa," nikasema, "huyo mutu iko ndani ni mimi."

Watu wa hoteli waliokuwa wakigawa soda wakaanza kucheka. Drani aligeuka, akanitazama, na nikaona uso wake ukikumbuka.

"Mimi hapana pata kwingine," nikaendelea. "Cherehani yangu iko kwa hiyo baraza. Hawa watu wananiletea wageni nikiwa na khanga. Mimi hapana jua mambo ya kamati. Lakini andika hii moja: mutu apige hodi, na angoje mutu wa ndani aseme karibu. Hata jeshi ilikuwa napiga."

Mheshimiwa hakucheka. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema maneno yangu yamemchoma, akasema atayabeba mpaka Kampala na sheria itanikumbuka. Msaidizi akapiga picha, fulana ikionekana vizuri. Nilitokwa na machozi, sifichi. Ndipo, wakati nainama kuokota mkoba wangu, nikamsikia akimwuliza Drani kwa sauti ya chini: "Hiyo ya Oli, maji yapo?"

Jioni, njiani kurudi, nilihamishiwa kiti cha nyuma kabisa pamoja na gurudumu la akiba. Haji Khamis alisema nimekiua chama. Tulipopita Maracha, Drani akageuka.

"Mama Zaituni, kwani mimi nilitaja jina yako?"

"Hukutaja."

"Sasa?"

Nilifumua uzi wa bega la ile fulana taratibu mpaka Arua, na nilipofika nyumbani mkono mmoja wa fulana ulibaki kwenye Noah.

Jumamosi iliyofuata, saa saba kamili, akaja Drani na mke wa Mheshimiwa. Mama yule alikuwa na miwani mikubwa na manukato yaliyofika kabla yake. Drani alikuwa ameshatia mguu mlangoni alipokumbuka kitu, akaurudisha.

"Hodi," akasema, kwa taabu.

Nilikuwa nimekaa siku mbili nikifikiria nitafanya nini. Kupiga kelele, kufunga mlango, kumpigia bwana wa Juba. Halafu ile shule ya Noah ikanijia kichwani.

"Karibuni sana," nikasema. "Lakini mgeni wa Oli haoni nyumba na njaa."

Nikamkalisha barazani. Nikaleta chai ya maziwa, sambusa, kisha mikate ya moto ya gurusa, kisha chai nyingine. Nikampima gauni, bega, kiuno, nikamwonyesha vitambaa kimoja kimoja. Alipenda. Tulizungumza kuhusu watoto, mashule, bei ya sukari. Drani alikuwa anatazama saa, anatazama dari, anatazama saa. Akasema tuingie. Nikasema mama bado hajamaliza chai. Akasema mama ana haraka. Mama akasema hana haraka yoyote, na akachukua sambusa.

Magharibi ilipokaribia nikasimama. "Sasa, mama, twende uone chumba cha kulala."

Tuliingia pamoja na giza la kwanza. Juu ya dari kukaanza mchakacho, halafu mlio, halafu popo wakaanza kutoka kwenye ufa, kwa familia, kwa ukoo, wengine wakipitia dirishani na wengine wakipitia karibu na miwani ya mama. Sitaeleza ukelele wake. Majirani waliueleza wiki nzima. Gari liliondoka na kikombe changu kimoja.

Mswada bado uko kwenye kamati. Nasikia unaendelea kusomwa. Picha yangu na Mheshimiwa iliwekwa kwenye ukurasa wake, chini yake pameandikwa kwamba anawasikiliza wapangaji. Nami ninaandika haya nikiwa barazani, mguu juu ya cherehani. Watu wa nyumbani mkiniuliza nilijifunza nini Koboko, nitawaambia kwamba sikulindwa na sheria. Nililindwa na viumbe wa Mungu, na sasa simpigii tena bwana wa Juba simu kuhusu wao.

Drani hajakoma, kazi ni kazi. Lakini akija na mteja siku hizi anasimama nje, anapiga hodi na kungoja. Nami naitikia kwa adabu zote kutoka ndani:

"Karibu, mwanangu. Njoo jioni."