Kilima Kilichochorwa Kama Ukuta

Tak Il-hwan, ambaye pale mjini Daegu sote tunamwita Baba Ae-ri, alichonga funguo maisha yake yote hadi macho yakakataa. Alipofunga kibanda, binti yake akamnunulia kompyuta, na mzee mzima akapenda milima ya kwenye kioo. Chama chetu cha kupanda milima kikawa kimepata mchoraji.

Kazi yenyewe ni hivi. Unaifuata njia kwenye ramani ya kompyuta, kutoka basi linaposimama hadi kileleni, nayo programu inakutolea mchoro wa miinuko: chini umbali, pembeni kimo, na katikati mstari unaopanda na kushuka kama njia yenyewe. Baba Ae-ri aliuchapa na kuubandika mbele ya basi letu la kukodi. Mtu akiingia anausoma kwanza, ndipo atafute kiti.

Mchoro wake wa kwanza ulikuwa wa Dolmae, mlima ambao kila Mei hufunikwa na vichaka vya maua mekundu. Mstari ulitoka umelala. Wanaume aliowaonyesha kabla ya siku ya safari wakacheka.

"Baba Ae-ri, huu mlima au meza ya chakula?"

"Mke wangu akiuona, ataniuliza huwa nachoshwa na nini!"

Maana wanaume wetu wakishuka lazima wakae na pombe ya mchele wasimulie walivyoponea chupuchupu. Mstari uliolala unawanyima hadithi. Basi Baba Ae-ri akarudi kwenye programu, akaiamuru ivute kimo mpaka kijaze karatasi. Namba za pembeni zilibaki za kweli, ila nani husoma namba? Kilima kikasimama kama ukuta. Wanaume wakapiga makofi, na tangu siku hiyo kila mlima ukavutwa.

Mkewe, Mama Ae-ri, alizaliwa chini ya Dolmae hiyo hiyo. Alipelekwa kiwanda cha nguo angali msichana, hakuwahi kufika juu kwenye maua. Kila Mei aliingia kwenye basi amevaa viatu vya mlimani, akasimama mbele ya mchoro, akautazama, kisha akaenda kukaa nyuma na wanawake wengine waliosema miguu yao haiwezi. Walibaki wakikata kimchi, kabichi yetu ya kuchachushwa kwa pilipili, na kupanga chakula cha mashujaa. Mumewe hakumuuliza kwa nini hapandi. Alidhani anapenda kupika. Wanaume hudhani hivyo, ni nafuu kwao.

Mimi nauza vitoweo sokoni, nikajiunga na chama baada ya kumzika mume wangu. Wakati huo Mama Ae-ri alikuwa ameshaanza kutembelea fimbo, magoti yamekwisha, na daktari amemkataza hata ngazi. Mei yangu ya kwanza nilipanda Dolmae roho mkononi, nikiusubiri ule ukuta. Nikafika kileleni bado nausubiri. Niliposhuka nikasema kwa sauti, maana sauti ya chini sikujaliwa:

"Jamani, ukuta wenu uko wapi? Hapa hata mwenye kandambili anafika!"

"Dada Boksun, kunywa, unyamaze," mwenyekiti akasema.

Mama Ae-ri aliweka kisu chini. "Hakuna ukuta?"

"Ukuta gani, Mama Ae-ri? Ni kama kwenda dukani."

Akamgeukia mumewe. "Baba Ae-ri?"

Yule mzee alikuwa na bakuli la pombe mkononi. "Niliuvuta kidogo," akasema. "Upendeze. Lakini namba zipo pembeni, ni za kweli."

"Uliuchora wewe, bwana. Mimi niliamini." Akayatazama magoti yake. "Mwaka ule wa kwanza ningeweza. Na uliofuata. Ningeweza kabisa."

Hakuna aliyesimulia alivyoponea siku hiyo.

Nyumbani Baba Ae-ri alimwambia mkewe atambeba mgongoni, kwenye lile fremu la mbao walilobebea kuni wazee wetu. Alikuwa ameshaanza kulikaza kamba.

"Liache," mkewe akamwambia. "Nilitaka kupanda. Kuwa mzigo sikuomba."

Mei iliyofuata Baba Ae-ri akabandika Dolmae ya kweli, kimo na umbali kwa kipimo kimoja.

"Tambi imelala!" wanaume wakapiga kelele. "Unatuaibisha kwa wake zetu, mzee!"

Wanawake wa viti vya nyuma wakaja mbele mmoja mmoja, wakausoma, wakarudi kutafuta viatu. Mama Ae-ri akawafungia wali wa mwani, akamkaripia mmoja aliyesahau kofia. Basi likabaki na wao wawili tu. Baba Ae-ri akakaa kando ya mkewe.

"Nenda, bwana," akamwambia. "Unanizibia dirisha."

Akashuka. Nilipogeuka njiani nilimwona amesimama kando ya basi, mikono nyuma, hapandi mlima wala harudi ndani.