Nilimpokonya Mjomba Wageni Wake wa Uwanja wa Ndege

Jina langu naomba libaki kwangu, maana kwetu Kinampanda, mkoani Singida, ni padogo na wa huku wakisoma mistari miwili tu watajua ni mimi. Nilikosa. Sikurogwa wala sikutumwa na mtu. Nilikosa kwa mdomo wangu mwenyewe, tumbo likiwa limeshiba chakula cha yule yule niliyemkosea!

Mtu huyo ni mjomba wangu, kaka yake mama. Alikuwa dereva kule Unguja. Kwa miaka mingi alipokea watalii uwanja wa ndege na kuwapeleka hoteli moja ya ufukweni, upande wa kaskazini. Mimi nilikuwa Kiomboi naendesha bodaboda ya mtu, kila siku ugomvi na mwenye pikipiki. Mama akampigia kaka yake simu. Mjomba hakuuliza maswali, alisema tu, "Mlete."

Akanipokea, akanilaza chumbani kwake, akanifundisha kazi. Na ile ni kazi, usione watu wamesimama na vibao ukadhani wanapunga upepo! Ndege zinashuka tatu kwa mpigo, mlango unafunguka, wanamiminika watu wenye kaptula na kofia pana, na wewe una jina moja tu la kutafuta. Mjomba aliandika majina ya wageni wake kwa mkono, herufi moja moja, na akiwa na wasiwasi alipiga simu hotelini kuuliza. "Mtu kasafiri siku nzima," aliniambia, "afike akute jina lake limekosewa? Hapana bwana." Garini kulikuwa na maji ya baridi na vitambaa vya kufutia uso. Wageni wakirudi mwaka mwingine walimwulizia yeye.

Hapo ndipo roho mbaya iliponianza. Nilimwona mzee wa darasa la saba, Kiingereza cha kuokoteza, anakumbatiwa na Wazungu. Nikajiuliza, huyu ana nini ambacho mimi wa kidato cha nne sina? Ujinga, jamani! Ujinga mtupu!

Basi mjomba akapatwa na mtoto wa jicho. Akafanyiwa upasuaji, daktari akamkataza usukani kwa wiki kadhaa. Akanipa funguo za gari. "Nisimamie wageni wangu," akasema. Hakunipa masharti yoyote.

Siku ya nne, dada wa mapokezi pale hotelini akaniuliza hali ya mzee. Ningesema anaendelea vizuri, ingeisha hapo. Lakini niliinamisha kichwa, nikavaa sura ya msiba, nikamwambia, "Dada, jicho limekufa. Mzee hataendesha tena, anarudi kwao Singida." Machozi yakamlengalenga yule dada. Akaandika namba yangu ya simu, akafuta ya mjomba mbele ya macho yangu.

Mjomba alipopona nilimrudishia gari lake. Nikamwambia nimepata bosi mwingine mwenye gari aina ya Noah. Kumbe Noah nimeikodi mwenyewe kwa ajili ya wageni wake! Na unajua alifanya nini? Alifurahi. Alinishika mkono akaniombea, kisha akasema, "Nenda mwanangu, usimwangushe bosi wako." Nikaitikia amina. Mdomo huu huu!

Akaanza kusubiri. Kila asubuhi aliosha gari, akajaza maji kwenye ndoo ya barafu, akaegesha chini ya ukuta wa uwanja wa ndege, simu mkononi. Haikuita. Nilimshauri kwa unafiki apige hotelini. Akakataa. "Mimi siwezi kubisha hodi nisikoitwa," alisema. "Wakinihitaji namba yangu wanayo. Msimu tu ndio mbaya." Watu wa kwetu tuko hivyo, tunaona aibu kuulizia riziki. Mimi nilijua atasema vile, na ndiyo maana nilipata ujasiri wa kumshauri.

Ndege ya wageni ikikaribia nilimpigia kwanza: "Shikamoo mjomba, uko wapi?" Akisema yuko kwa mama lishe, napenya na kibao changu. Akisema yuko getini, nawapitisha wageni upande wa pili. Madereva wenzetu waliona, ila walidhani tumepangana kifamilia. Yeye akabaki kuokota abiria wa mara moja moja, na jioni ananigawia wali wake eti nisichoke.

Siku za mwizi ni arobaini. Alikuja mama mmoja wa Kizungu, mtu mzima, aliyezoea kuja kila mwaka. Mimi nimesimama na kibao chenye jina lake. Alinipita kama nguzo! Macho yake yalikuwa kwa mjomba, aliyekuwa ametoka kwa mama lishe kuja kununua maji. Akaacha mabegi katikati ya watu, akamkimbilia akilia.

"Wewe iko hapa!" alisema kwa Kiswahili chake. "Hoteli nasema jicho kufa! Nasema wewe rudi kwenu! Mimi nalia sana!"

Mjomba akacheka kidogo, akadhani mama kachanganya mambo. Kisha akaniona. Akasoma kibao, jina la mgeni na jina la hoteli chini yake. Nilitamani anizabe kofi mbele ya uwanja mzima, wallahi ingeniuma kidogo. Alisema tu, "Chukua mabegi ya mgeni kwanza. Amechoka." Akanisaidia kuyapakia, akamfungulia mama mlango, akaufunga taratibu.

Yule mama alipofika hotelini aliwaeleza kila kitu.

Hoteli walinifukuza jioni ile ile. Wakampigia mjomba kumwomba radhi na kumwita arudi. Akakataa! Nilimpigia magoti chumbani, nikamsihi awarudie. Akaniambia, huku akikunja nguo zake, "Siwezi kugombania abiria na mtoto wa dada yangu. Watu watatucheka." Akauza gari, akarudi Kinampanda kulima alizeti. Madereva wakanibandika jina la Jicho. Ukipita wanafumba moja wanacheka. Nilivumilia miezi michache, nami nikarudi.

Sasa sikia gharama yake. Nilipata mchumba kijiji cha Ulemo, binti mtulivu, tumependana. Kwetu Wanyiramba mjomba si mtu wa pembeni. Wazee wangu walipopeleka posa, baba wa binti alihesabu nyuso, akauliza, "Mjomba wake yuko wapi?" Wakajiumauma. Akasema, "Rudini naye, ndipo tuzungumze."

Nikaenda kwa mjomba. Nikamwamkia, akaitika marahaba, akanipa kiti, mkewe akaleta ugali na mlenda. Nikala kwa shida. Nikaomba msamaha nikilia kama mtoto.

"Nilikusamehe zamani," akasema. "Sina kinyongo."

Roho ikatua. Nikamwomba anisindikize Ulemo. Akanawa mikono, akaikausha.

"Kule wataniuliza, huyu kijana ni mtu wa namna gani," akasema. "Nitawajibu nini? Kusamehe nimesamehe. Kukudhamini siwezi. Yule binti naye ni mtoto wa watu."

Nikaaga, nikatoka.

Yule binti ameolewa Singida mjini. Mama yangu haongei nami zaidi ya salamu. Nilipomwomba aniombee kwa kaka yake, alinijibu bila kunitazama, "Wewe nimekuzaa, yeye nimezaliwa naye. Usinichagulishe."

Wewe uliyepokewa mjini na ndugu, ukalazwa kitandani kwake na kuonyeshwa kazi yake, nakuomba usiitamani nafasi yake. Mwombe, atakugawia. Usijidanganye kwamba ukishakosa utaomba radhi na mambo yatarudi kama zamani. Radhi mimi nimepewa, na ugali juu. Ila siku ya kusimama mbele za watu na kuulizwa nani anakujua, nilitazama nyuma yangu na hapakuwa na mtu.