Koti Juu ya Bastola

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa bastola, nilipewa penseli. Nilikuwa nimeshaegesha magari ya wageni wa hoteli miaka mitatu tangu nitoke Mombasa kuja Marekani, na nilidhani ulinzi wa silaha ni kusimama mlangoni na kukunja uso. Mkuu wa Mafunzo, polisi mstaafu mwenye tumbo kubwa, alitukalisha darasani pale Alexandria akatuchorea ramani ubaoni.

"Hapa Virginia," alisema, "bastola yenye risasi ukiivaa wazi kiunoni, kila mtu akaiona, sheria haina neno na wewe. Ukiificha, hata kwa pindo la shati, uwe na kibali cha mahakama. Ukivuka mto kwenda Maryland, wazi au kwa kificho, karatasi zenu za huku hazifai kitu. Na Washington msiniulize. Huko msiende nayo."

Niliandika yote. Mimi nilikaa Temple Hills, ng'ambo ya mto upande wa Maryland, kwa hiyo kila nikitoka kazini, kabla ya daraja, nilitoa risasi sita zote kwenye silinda, nikaifungia bastola ndani ya kisanduku cha chuma kwenye buti ya gari, na risasi nikazitia mfuko mwingine. Wenzangu walinicheka, wakasema naogopa daraja kuliko majambazi. Kweli niliogopa. Jambazi hakuulizi karatasi.

Baada ya mwaka mmoja nikafanywa Msimamizi wa Zamu kwenye jengo la madaktari upande wa magharibi wa mji. Ndipo nikaletewa Hamadi, kijana wa Unguja, ana mke na mtoto mchanga, kadi yake ya ukaazi bado mpya. Nilimfundisha mwenyewe. Ala, yaani mfuko wa ngozi wa bastola, ikae juu ya nyonga, mpini uonekane, koti liishie juu ya mkanda hata theluji ikianguka. Alikuwa mwepesi wa kujifunza, na adabu yake ilikuwa ya kuchosha. Hakai mpaka umwambie kaa.

Ijumaa moja mchana alikuja mezani kwangu. Bibi mmoja wa kwetu alikuwa amefariki, na matanga yalikuwa kwenye fleti ng'ambo ya barabara.

"Mjomba, naomba nusu saa nikatoe mkono wa pole. Hii nikuachie?" Akagusa ala.

Utaratibu ulitaka nichukue bastola, nitoe risasi, niifungie kabatini, tutie sahihi wote wawili, na akirudi tuanze upya. Nikaona uvivu. Nusu saa tu!

"Nenda nayo," nikamwambia. "Lakini utaingiaje kwa wafiwa na chuma kiunoni, wanawake wanalia? Vaa koti langu, refu hilo. Funika."

"Mkuu wa Mafunzo si alisema mtu asii-cover?"

"Yeye hajui matanga. Funga zipu, bwana. Heshima."

Kwetu mtu haonyeshi silaha penye msiba, na mimi nilikuwa Mswahili kwanza, msimamizi baadaye. Nilimfungia zipu kwa mkono wangu mwenyewe.

Hakufika hata mlangoni. Kwenye maegesho aliwakuta akina mama wanashusha sufuria ya wali garini, na Hamadi hawezi kupita mtu mwenye mzigo. Aliinama kuipokea, koti likapanda, jirani mmoja akauona mpini, akapiga simu polisi. Walikuja wawili. Walimuuliza kibali cha kuficha, akatoa kadi ya ulinzi, wakamwambia hiyo ni ya kuvaa wazi. Wakamfunga pingu mbele ya wafiwa. Angeenda bila koti, angewatisha wanawake tu, basi.

Nilipompigia simu Mkurugenzi wa Kanda, alisema, "Kampuni haikumwamuru mtu afiche silaha. Au kuna aliyemwamuru?"

Nikajibu, "Hapana, bwana mkubwa."

Wakili wa Hamadi naye alinitafuta. Alisema mwendesha mashtaka angeweza kuifuta kesi akisikia msimamizi mwenyewe akikiri. Bila hivyo, kosa la silaha kwa mtu asiye raia ni tiketi ya kurudishwa kwao. Wakati ule ombi langu la uraia lilikuwa mezani kwa watu hao hao wa uhamiaji. Siku ya mahakama niliamka, nikavaa suti, nikakaa kitandani mpaka saa yake ikapita. Nikatuma salamu kwamba naumwa.

Hamadi alikiri kosa, akalipa faini, akatumaini yameisha. Barua ya uhamiaji ikaja baadaye, akarudishwa kwao. Mkewe alibaki na mtoto, naye mtoto akakua hapa. Siku hizi tukikutana kwenye Idi hunijibu kwa Kiingereza na kuniita *uncle*.

Nilistaafu na cheti cha utumishi bila doa. Vijana huniuliza kazi ile ilitaka nini, nami huwaambia: sheria ya kila upande wa mto ijueni kwa moyo, na kabati la silaha msilionee uvivu. Hayo ndiyo ninayoweza kuyasema mbele za watu.

Hamadi hunipigia simu kutoka Unguja. Huanza na shikamoo, huuliza presha yangu, huniombea umri mrefu. Hajaniuliza hata mara moja kwa nini sikwenda mahakamani. Kila simu ikilia naomba Mungu leo aniulize.