Mkwe Katika Benchi la Mbele

Sijisifu, lakini miaka ile ya hamsini, kutoka Nyakakika hadi Kaisho, hapakuwa na mtu wa kunifundisha kinanda. Chetu kilikuwa cha kukanyaga: miguu inavuta upepo, mikono inapiga, na kwaya naiongoza kwa kichwa. Nikiinua kidevu, sauti ya kwanza inapanda. Nikikunja uso, besi wanajua wamekosea, na baada ya ibada watanitambua. Nilikuwa mkali. Kwaya hailelewi kwa kubembelezwa.

Sauti ya kwanza iliongozwa na binti mmoja wa pale pale kijijini. Mungu alimpa koo yule, jamani! Akipanda juu, hata waliozoea kusinzia wakati wa mahubiri walikaa wima. Nyimbo ngumu zote nilizichagua kwa kumtegemea yeye, na sikuona haya kusema hivyo mbele ya wenzake.

Akaolewa. Tulimwimbia, tukala, tukafurahi. Mume alikuwa mtoto wa mzee wa kanisa, yule aliyekaa benchi la mbele tangu kanisa likiwa la nyasi. Hata akisafiri, hakuna aliyethubutu kukaa mahali pake.

Jumapili ya kwanza bibi harusi aliporudi kwayani, niliinua kidevu. Kimya! Alikuwa ameshusha kanga hadi puani, ameinamisha kichwa. Wenzake wakababaika, wimbo ukafa watu wakitutazama.

Baada ya ibada nikamfokea. "Umemeza ulimi?"

"Mwalimu, baba mkwe yuko pale mbele. Nitaachamaje mdomo mbele yake?"

Kwetu mke wa mtoto akimwona baba mkwe njiani, huingia migombani mpaka mzee apite. Sembuse kusimama mbele yake, kinywa wazi, meno yote nje! Akaanza kulia. "Afadhali niache kwaya, ingawa sijui nitakaaje bila kuimba." Maneno hayo yaliniuma kuliko wimbo ulioharibika.

"Hutaacha," nikamwambia. "Niachie mimi."

Jumamosi nikaita vijana wenye nguvu, tukabeba kinanda hadi nyuma karibu na mlango. Kwaya nzima ikawa migongoni mwa watu. Mzee anatazama madhabahu, mkwewe anaimba nyuma yake, na hakuna anayemwona mwenzake. Nilijiona mjanja kweli kweli, na nilikuwa mjanja.

Mambo yakaenda vizuri mpaka tulipoletewa mchungaji mpya, mtu wa mbali. Ilikuwa sikukuu ya mavuno, mikungu ya ndizi imejaa mbele, na yeye akauliza kwa sauti, "Kwaya mnajificha nini? Njooni mbele!" Nikasimama nikamweleza mila yetu. Akajibu kwamba mbele za Mungu hakuna mkwe. Lo! Damu ilinichemka. Nilipogeuka, nikamwona binti ameshika mlango, anataka kutoka, machozi yanamtoka.

Kabla sijafungua mdomo, mzee akainuka. Akachukua fimbo na kofia, akatoka kwa mlango wa pembeni bila kumtazama mtu yeyote. Watu wakaguna: mzee amesusa! Nami nilidhani hivyo hivyo. Tukabeba kinanda mbele. Binti akalitazama lile benchi tupu, akapandisha kanga kichwani, akaimba. Nasema aliimba! Mpaka leo sijasikia tena kitu kama kile.

Tulipotoka nikamkuta mzee nje, amesimama chini ya dirisha, ameegemea ukuta.

"Shikamoo, mzee. Utusamehe."

"Marahaba. Niwasamehe nini? Hapa nimesikia kila neno. Mchungaji ana haki, kwaya isirudi nyuma. Na mwanangu huyu asiache kuimba kwa sababu yangu."

Jumapili iliyofuata alikuja mapema kuliko wote, kigoda kwapani. Akakiweka nje, chini ya dirisha, akakaa.