Rodi Fupi na Migomba ya Mama Pamela

Siku yangu ya kwanza kazini, mjini Migori, sikupewa waya wala mita. Nilipewa nyundo. Fomeni Mwita, aliyesimamia mafundi wa kuwaunganishia umeme wateja wapya, alinikabidhi fimbo ya shaba yenye urefu wa futi nne, akaniagiza niipige ardhini mpaka kibaki kichwa tu. Kisha akavuka barabara kwenda kusimamisha nguzo.

Fimbo hiyo huitwa rodi ya ethi. Kwa ninyi mnaoanza kazi hii, mambo ni haya: waya ukichubuka na kugusa mwili wa friji, umeme unaovuja hutafuta njia ya kwenda ardhini. Rodi huupa njia hiyo, na swichi kuu hujizima papo hapo. Pasipo rodi, njia inayobaki ni mkono wa mtu atakayefungua friji.

Wakati huo sikuyajua hayo. Nilichojua ni kwamba baada ya futi moja niligonga mwamba, jua lilikuwa kali, na sandukuni mlikuwa na msumeno wa chuma. Nikakata. Kikabaki kichwa tu, kama nilivyoagizwa.

Fomeni aliporudi hakupima chochote. Aliinama, akakishika kile kichwa kwa vidole viwili, akavuta. Kikatoka kama karoti.

"Ouma," akasema, "hii ulikuwa unapanda mboga?"

Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Yeye hakucheka. Alinitia kile kipande mkononi, akaniambia nikae nacho kwenye mkoba wangu wa kazi mpaka siku nitakayostaafu. Halafu akanipeleka nyuma ya nyumba, akanifundisha bila kupandisha sauti. Penye mwamba usipigane nao. Tafuta udongo wenye unyevu, kwa sababu umeme hupita vizuri palipo na maji. Na katika boma la watu, udongo huo uko pale maji ya bafu yanapoishia.

"Angalia migomba ilipo," alisema. "Mwenye boma ameshakupimia."

Kutoka Migori nilihamishiwa Rangwe, chini ya Msimamizi wa Kituo ambaye alirudisha fomu yoyote yenye herufi iliyofutwa. Nilimchukia mwaka mzima, kisha nikaanza kuandika kama yeye. Kutoka hapo nilikwenda Magunga, ambako tulichimba mashimo ya nguzo karibu na mbuga, mmoja akichimba na mwingine akiangalia nyati. Mwisho nikaletwa Homa Bay nikiwa mkaguzi, yaani mtu anayetia sahihi kabla nyumba mpya haijawashwa. Kipande changu kilikuwa mkobani muda wote huo.

Kazi ninayotaka kuwasimulia niliifanya katika mwezi wangu wa mwisho kabla ya kustaafu.

Mama Pamela, mwalimu mstaafu, alikuwa amejenga ghorofa ya nyumba nne mlimani, mbele ya nyumba yake ya zamani. Alifuata taratibu zote. Fundi mwenye leseni, kijana aitwaye Odhiambo, alifunga nyaya na kuandika cheti chake. Maombi yalitumwa kwa simu pamoja na kitambulisho. Mpimaji alikuja akapima umbali kutoka kwenye nguzo. Mita nne za tokeni, moja kwa kila nyumba, zilikuwa zimepangwa kwenye ubao chini ya ngazi. Kulibaki ukaguzi wangu tu.

Nyumba ya chini ilikuwa imepangishwa na Bwana Salim, mfanyabiashara wa vitambaa aliyetoka Garissa. Mama yake alikuwa amelazwa kwa wiki kadhaa. Daktari alikubali arudi nyumbani siku hiyo, saa kumi, kwa sharti moja: awe na mashine ya oksijeni, na umeme wa kuiendesha. Mashine ilikuwa tayari kando ya kitanda. Ilingoja sahihi yangu.

Nikafunga kipimo cha ethi, ambacho namba yake huwa ndogo pale umeme unapopata njia nzuri ya kwenda ardhini. Namba ikapanda, ikaendelea kupanda, ikakataa kutulia.

"Mzee, hicho kipimo kimezeeka," Odhiambo akasema.

"Hata mimi nimezeeka," nikamwambia. Nikainama, nikashika kichwa cha rodi kwa vidole viwili, nikavuta. Kikatoka. Kilikuwa na futi moja, labda na inchi mbili.

Odhiambo alitazama chini. Mama Pamela aliniuliza polepole kama siwezi kusaini sasa, kisha Odhiambo arekebishe kesho. Nilimpigia Meneja wa Kaunti. Alisema sahihi ni yangu, na yeye hawezi kuniamuru niiweke wala niizuie. Bwana Salim alisimama mbele yangu, simu mkononi.

"Mzee, mimi si mtu wa kubishana," alisema. "Lakini mama yangu ameshavaa viatu."

"Kitanda chake ni cha nini?"

Akageuka, akatazama ndani. "Chuma."

"Basi nipe mpaka saa kumi."

Nilizunguka nyuma ya ghorofa mpaka kwenye nyumba ya zamani. Pale maji ya bafu yalipoishia palikuwa na migomba minono, majani yake yakigusa paa. Nilipomweleza Mama Pamela ninachotaka, alishika kiuno.

"Mchimbe upande wa kushoto," alisema mwishowe. "Huo mmoja hauzai hata."

Odhiambo alileta rodi nzima bila kuambiwa. Bwana Salim alikunja mikono ya kanzu yake nyeupe, akachukua jembe, nasi tukachimba mtaro kutoka ubao wa mita hadi kwenye migomba, tukalaza waya wa shaba ndani ya bomba. Odhiambo akapiga nyundo. Rodi iliingia futi nne zote, laini, kama inayokwenda mahali inapopajua. Nikafunga kipimo tena. Namba ilishuka chini ya kikomo kinachoruhusiwa, ikatulia.

Nilitia sahihi saa kumi kasoro dakika tano. Mama Pamela alimsomea Bwana Salim tarakimu za tokeni kwa sauti ya darasani, naye akabonyeza. Taa zikawaka. Bi mkubwa, mama yake Salim, alipoingizwa ndani na kulazwa, mashine ilianza kunguruma, naye akaisikiliza kwa makini.

"Salim," akasema, "umeninunulia friji?"

Tulicheka sote isipokuwa Odhiambo, aliyekaa kwenye ngazi na kile kipande chake. Nilikwenda nikaketi karibu naye. Nilifungua mkoba, nikatoa changu, cheusi kwa miaka, nikakiweka kando ya chake. Vilikaribia kulingana.

Alivitazama kwa muda mrefu. "Hiki alikikata nani, Jaduong'?" akauliza, akiniita mzee kwa Kijaluo.

"Mimi mwenyewe. Siku ya kwanza."

Sasa nimestaafu, na watu huniuliza ninachokumbuka zaidi. Hawanisikii nikitaja vyeo. Nakumbuka ile sauti ya mashine, na bi mkubwa aliyelala salama juu ya kitanda cha chuma. Ninyi vijana mtakosea. Nami nilikosea kabla sijala chakula cha mchana cha siku ya kwanza. Kosa lako lichukue, litie mkobani, utembee nalo. Siku moja litakuonyesha mahali pa kushika.

Odhiambo sasa ana mafundi wanne chini yake. Kile kipande cha Migori anacho yeye. Chake kiko hapa mezani kwangu, juu ya karatasi hizi, kinazizuia zisipeperuke.