He na She za Mama wa Ndengu

Wasomaji wangu, mama wa ndengu wa soko la Migwani ametutoka. Tulimzika juma lililopita, na sitajifanya kwamba nililia tu. Nilicheka pia, tena mchungaji akiniona. Nilimfundisha Kiingereza katika darasa la ngumbaru, kwenye chumba cha nyuma cha kanisa, na kati ya wanafunzi wangu wote ndiye aliyenishinda kabisa.

Alinishinda kwa he na she. “Mwalimu,” aliniambia siku ya kwanza, “Kikamba kiko na yeye moja, Kiswahili yeye moja. Huyu Mzungu anataka mbili za nini?” Nikamweleza kwamba he ni mwanamume, she ni mwanamke. Akanitazama kwa huruma. “Hapana, Mwalimu. He ni ya kufukuza mbuzi. She iko laini kwa mdomo.” Basi akajitungia sheria yake, na ole wako umsahihishe: anayempendeza ni she, anayemuudhi ni he. Jogoo aliyedonoa ndengu zake, he. Mchungaji alikuwa she mpaka mahubiri yapite saa ya chakula. Aliyeteseka hasa ni mzee wake, maana alibadilishwa kila kukicha. Nilipita kwao siku moja nikamkuta amesimama nje ya jikoni, kofia mkononi, akiuliza kwa sauti ya chini, “Mama, leo mimi ni nani?” “He!” likatoka jibu. Alikuwa amesahau kufunga mbuzi. Lo! Mzee akaenda kuwafunga, hakubisha.

Asubuhi aliyougua walikuwa wamegombana juu ya chai, mzee akisema ni maji matupu. Mama alipelekwa hospitali mjini Kitui akiwa amenuna, mzee akabaki na mifugo, na hawakuonana tena. Siku ya maziko mzee alinivuta kando, macho mekundu. “Mwalimu, wewe ndiye unajua hii Kiingereza. Aliniacha nikiwa he?” Mimi na vyeti vyangu vyote nikaanza kumpangusa vumbi begani. Roho iliniuma.

Binti yao, aliyekuwa amemuuguza mama, alitusikia. “Kwani hukuambiwa, Baba? Daktari alisema mama amechanganyikiwa. Kila akiingia, mama anamuuliza, ‘My husband, has she eaten?’”

Mzee alijishika mdomo. Akacheka, akalia, akacheka tena, nami nikamfuata. Kisha akalisogelea jeneza, akainama, akasema Kiingereza cha pekee nilichowahi kumsikia akikisema: “Yes, Mama. She has eaten.” Uongo mtupu, alikuwa hajaonja kitu tangu msiba uingie, ikabidi binti akimbie kumletea sahani.

Nimefundisha sarufi hadi nikaota mvi, na bado sijui sheria inayoishinda ile ya mama wa ndengu. Kwa hivyo, msomaji, leo ukifika nyumbani, uliza wewe ni nani. Ukiambiwa she, shukuru Mungu. Ukiambiwa he, usibishane juu ya sarufi. Nenda kafunge mbuzi.