Mkwe na Mama Mkwe Kwenye Theluji

Baba yangu na nyanya yangu mzaa mama waliheshimiana sana, yaani hawakuongea. Kwetu Embu zamani, mwanamume akimwona mama mkwe wake njiani alijipenyeza kichakani mpaka apite, na kugusana, hata mkono wa salamu, kulikuwa mwiko. Kwa hiyo siku cucu, ndivyo tulivyomwita nyanya, alipotangaza kwamba anataka kupanda mlima, na anayeijua njia ni baba peke yake, nilijua nitachoka. Si miguu, mdomo. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wao.

Ilikuwa mwisho mwisho wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni. Mjomba, mwana wa kiume wa pekee wa cucu, alikuwa amerudi kutoka kizuizini, amekonda lakini mzima. Cucu alikuwa amemwahidi Mungu kwamba siku hiyo ikifika atakwenda kumshukuru mlangoni kwake, kule juu penye weupe. Kwa miaka mingi msitu ulikuwa umefungwa. Ukionekana humo, risasi kwanza, jina baadaye. Sasa mambo yalikuwa yamelegea, na baba, aliyewahi kuwabebea Wazungu mizigo mlimani, akapata kibali. Mama alibaki nyumbani Karurumo na mtoto mchanga. Alimwambia baba neno moja tu: "Mama yangu umrudishe."

Tukapita msitu, tukapita mianzi, tukalala pangoni. Baba mbele, mimi katikati, cucu nyuma.

"Mwambie cucu yako achunge hilo jiwe."

"Cucu, chunga jiwe."

"Mwambie baba yako mimi nina macho."

Hivyo hivyo kutwa nzima, na wote wawili wanasikiana vizuri kabisa! Ningeweza kunyamaza, lakini nilikuwa nimeonja ukubwa, nikaupenda.

Mvua zilikuwa zimekwisha, ila kivulini mwa majabali theluji ilikuwa bado imelala kwenye mteremko, na hapakuwa na njia nyingine. Chini yake yalikuwa mawe matupu. Baba alitupatia magunia tuyafunge juu ya akala, viatu vyetu vya tairi. Cucu alichota theluji, akailamba, akasema kumbe Mungu hupika bila chumvi. Nilicheka mpaka baba naye akacheka, uso ameugeuzia pembeni.

Akatangulia akichimba vikanyagio kwa panga. Mimi nikafuata, tukafika mwambani ng'ambo ya pili. Cucu alikuwa karibu kutufikia gunia lake lilipoteleza. Akaanguka kifudifudi, akaanza kuserereka polepole, kisha akakwama kwenye kishimo.

"Mwambie ashike fimbo!" baba akapiga kelele, akimnyooshea.

"Cucu, shika fimbo!"

Aliishika. Lakini vidole vilikuwa vimekufa ganzi, fimbo ikamponyoka, naye akaanza tena kwenda chini. Nilimfikiria mama na mtoto wake mlangoni, nikalia kwa sauti.

"Mwambie..." baba alianza.

Hakumaliza. Alijitupa kwa tumbo kwenye theluji, akamdaka mkono, akamvuta mpaka wakaketi wote wawili mwambani, wanahema. Alipouachilia aliutazama mkono wake mwenyewe, halafu akatazama mbali. Sijawahi kumwona baba ameaibika hivyo.

Cucu alisimama papo hapo, akageuza uso kukielekea kilele. Alimshukuru Mungu kwa mwanawe, kwa sauti, bila haraka, machozi yakimtiririka. Mimi na baba tulivua kofia, tukangoja.

Alipomaliza, baba alisema kwa unyonge, "Mwambie cucu yako nitaleta mbuzi. Mwiko umevunjwa, lazima usafishwe."

Nikafungua mdomo.

"Wewe nyamaza," cucu akaniambia. Kisha akamgeukia baba, akamtazama usoni, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Lete wawili," akasema. "Tunarudi njia hii hii."

Akamnyooshea mkono.